Hadithi Iwe Ndefu Kiasi Gani?

Mtoto anayesimuliwa ngano jioni haulizi ina kurasa ngapi. Huuliza neno moja tu: "Kisha ikawaje?" Swali hilo ndilo lililomshughulisha kwa miaka ipatayo 12 mwandishi wa Uingereza, J.R.R. Tolkien, bingwa wa hadithi za ajabu.

Tolkien alizaliwa mwaka 1892 mjini Bloemfontein, Afrika ya Kusini, akalelewa Uingereza. Mwaka 1916 alikuwa Luteni-Usu, afisa wa mawasiliano katika mapigano ya Somme, nchini Ufaransa. Aliondoka huko akiugua homa ya mahandaki, maradhi yaenezwayo na chawa. Ilipofika mwaka 1918, rafiki zake wa karibu wote walikuwa wamekwisha kufa, isipokuwa mmoja.

Baada ya vita alifundisha katika Chuo Kikuu cha Oxford, na nyumbani aliwasimulia watoto wake wanne ngano. Kutokana na masimulizi hayo kilitoka kitabu *The Hobbit*, mwaka 1937. Wasomaji walikipenda, na wachapishaji wakaomba kingine. Tolkien alianza kuandika mwezi wa Desemba mwaka ule ule, lakini hadithi ilikua mikononi mwake kama mbuyu. Mchana alikuwa na wanafunzi na mitihani ya kusahihisha. Usiku ndipo aliposhika kalamu. Mara nyingi kazi ilikwama.

Mwaka 1944 mwanawe Christopher alikuwa Afrika ya Kusini, akiwa katika Jeshi la Anga la Uingereza. Baba alijilazimisha kuandika tena, na kila sura iliyokamilika akamtumia kijana kwa posta. Jamaa wa askari watalifahamu jambo hili bila ya kuelezwa. Mwana aliye mbali hangojei salamu tu; hungojea pia kipande cha nyumbani. Hivyo safari ngumu ya mashujaa wa hadithi ilisonga mbele, kwa kuwa palikuwa na mtu aliyeingojea.

Kitabu hicho, *The Lord of the Rings*, kilikamilika mwaka 1949, nacho kina kurasa zaidi ya 1,000. Kwa sababu ya gharama kubwa, kilitolewa katika majuzuu matatu, mwaka 1954 na 1955. Wako waliolalamika kwamba ni kirefu mno. Tolkien mwenyewe alisema baadaye kwamba katika lawama zote alikubali moja tu: kitabu ni kifupi mno!

Lakini msomaji asidhani kwamba mtu huyu aliabudu urefu. Katikati ya kazi hiyo, alipohofu kuwa hataimaliza, aliandika hadithi fupi sana, *Leaf by Niggle*, iliyochapishwa mwaka 1945. Humo mchoraji mmoja anaanza na jani moja, jani linazaa mti, na mti unazidi ukubwa wa muda alio nao. Kila akishika brashi, jirani yake mwenye mguu mbovu huja kuomba msaada. Naye, ingawa hunung'unika, huenda kumsaidia. Duniani linasalia jani moja tu la picha yake. Baadaye, katika nchi nyingine, anaukuta mti wake umesimama mzima. Hofu ya miaka mingi ilitoshea katika kurasa chache.

Basi, urefu wa hadithi haupimwi kwa karatasi. Safari ya kuvuka nchi nzima yahitaji kurasa nyingi. Majuto ya mtu mmoja huenda yakahitaji chache tu. Ikatwayo kabla ya wakati humwacha msikilizaji na njaa, na ivutwayo baada ya kwisha humtia usingizi.

Wewe uliye lindo, au uliye jikoni, mwenye kisa moyoni, usingoje siku isiyo na kazi, maana haiji. Andika ukurasa mmoja leo, umpelekee umpendaye. Akiuliza, "Kisha ikawaje?", endelea. Haba na haba hujaza kibaba.