Kupiga Picha ya Ua la Shaba

Huko Katanga viko vilima visivyoota miti. Udongo wake umejaa shaba, nayo shaba ikizidi ni sumu kwa mizizi. Walakini imo mimea iliyoizoea sumu hiyo. Mmoja ni ua la shaba, ambalo wataalamu huliita Haumaniastrum katangense: mmea mfupi, wenye maua madogo ya rangi ya zambarau hafifu. Watafiti wamelifuata, wakagundua mahali ambapo watu wa kale walikuwa wakiyeyusha shaba. Mwingine, Crotalaria cobalticola, wenye maua ya manjano, humea penye kobalti. Mwaka 1963 Mbelgiji Paul Duvigneaud na mwenzake walichapisha habari za mimea ya vilima hivyo. Tangu hapo vilima vingi vimechimbwa, na maua yake yametoweka pamoja na udongo. Basi, wasomaji wapenzi, picha ya ua kama hilo si pambo tu, ni ushahidi.

Ushahidi wataka kuonekana wazi. Wapiga picha wengi hufungua sana tundu la lenzi, hata nyuma ya ua kukawa ukungu mtupu. Picha hiyo yapendeza macho, lakini majani hayatambulikani, na pasipo majani mtaalamu hawezi kusema ni mmea gani. Sisi twapenda tundu dogo, namba 11 au 16. Lakini tundu dogo hupitisha nuru kidogo. Kama namba 8 yahitaji sekunde 1/125, namba 11 yahitaji 1/60, na namba 16 yahitaji 1/30. Kwa muda huo mkono hutikisika, basi kamera isimame juu ya miguu mitatu, au juu ya jiwe.

Adui mkubwa ni upepo. Ukikaribia sana, hata pumzi yako hulitikisa ua! Nenda asubuhi mapema, hewa ikiwa imetulia, na mwenzako asimame upande wa upepo. Jua la saa sita liache: hutia vivuli vyeusi na kufifisha rangi. Wingu jembamba ni bora. Upande wenye kivuli, shika ukurasa mweupe wa daftari, nao utarudisha nuru. Ua la manjano hung'aa mno hata mishipa yake ikapotea. Punguza nuru kidogo.

Wengi wenye simu hawawezi kubadili tundu, lakini kwa kuwa lenzi yao ni ndogo, vitu vingi huonekana wazi. Waguse ua kwenye kioo, wangoje litulie, wasisogee mno.

Piga picha tatu: ya ua, ya mmea mzima kutoka ardhini, na ya kilima chenyewe. Weka rula kando ya shina. Usilichume ua. Kisha andika tarehe na jina la mahali siku iyo hiyo, kabla hujarudi nyumbani.