Picha na Wimbo Katika Hadithi

Wasikilizaji wetu, bila shaka mmekwisha kusikia ngano yenye wimbo ndani yake. Msimulizi hukatiza maneno, huimba, nanyi mliomzunguka mwaitikia. Leo twauliza: wimbo ule una kazi gani? Je, ni pambo tu, kama nakshi za mlango?

Sisi twaona si pambo. Katika ngano nyingi za Afrika mtu huuawa kwa siri, kisha ndege hutua mtini akaimba jambo lililotendeka. Wanadamu wamenyamaza, wimbo ndio unaotoa ushahidi. Ukiuondoa, ngano haina mwisho.

Waandishi wa vitabu huitumia picha kwa namna iyo hiyo. Mwaka 1890 Oscar Wilde, mzaliwa wa Dublin, alitoa hadithi ya picha ya Dorian Gray. Kijana huyo mzuri alichorwa, akatamani picha ndiyo izeeke, yeye abaki kijana. Ikawa hivyo. Maovu yake hayakuonekana usoni pake bali pichani, naye akaificha chumbani na kufunga mlango. Hata mchoraji alimwua. Mwisho aliichoma picha kwa kisu. Watumishi walipoingia waliikuta picha nzuri kama siku ya kwanza, na sakafuni maiti ya mzee wa kuchukiza, wasimtambue ila kwa pete zake.

Lakini shahidi aweza kusikiwa vibaya. Leo Tolstoy wa Urusi, katika hadithi aliyoimaliza mwaka 1889, asimulia habari za mke apigaye piano na mgeni apigaye fidla. Wapiga muziki uliotungwa na Beethoven mwaka 1803. Usiku ule mume haoni baya. Baadaye, akiwa safarini, akumbuka nyuso zao na sauti zile, wivu wamwaka. Arudi nyumbani na kumwua mkewe kwa jambia. Muziki haukumwambia neno. Yeye ndiye aliyeujaza maneno ya moyo wake.

Basi, nanyi wanafunzi, mkitunga hadithi msitie wimbo wala picha kwa ajili ya kupendeza tu. Jiulizeni kwanza: kitu hiki chajua nini ambacho watu wamekificha? Tena, ni nani atakayekisikia, na ana moyo wa namna gani? Mkiweza kujibu hayo mawili, hadithi yenu itasimama.