Mtoto wa Mkulima: Habari za Mizengo Pinda

Mtu akitoka Kasokola akafika mjini Mpanda, kisha akashika njia ya kusini ipitayo Sitalike, atakata mbuga ya Katavi yenye viboko na nyati, na mbele yake atafika kijiji kiitwacho Kibaoni. Huko ndiko nyumbani kwa Mizengo Pinda, aliyezaliwa tarehe 12 Agosti 1948, zamani Waingereza walipokuwa wakitawala Tanganyika. Wazazi wake walikuwa watu wa jembe. Naye hata alipopata cheo kikubwa hakuionea haya asili yake, bali alijiita "mtoto wa mkulima", na watu wakamjua kwa jina hilo.

Je, alifikaje juu? Hakufika kwa mruko mmoja. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1974, akawa mwanasheria wa serikali. Baadaye alihamia Ikulu, akawa msaidizi wa katibu wa Rais, kwanza wakati wa Julius Nyerere, kisha wakati wa Ali Hassan Mwinyi. Tangu 1996 hata 2000 alikuwa Karani wa Baraza la Mawaziri. Kazi ya karani huyo ni kuandika yanayoamuliwa mawaziri wakutanapo, na kuyatunza. Kwa hiyo yampasa awe na masikio makubwa na kinywa kidogo. Basi kwa miaka ipatayo 26 kazi yake ilikuwa kalamu na karatasi, wala jina lake halikuvuma.

Mwaka 2000 alirudi kwa watu wa kwao kuomba kura, nao wakamchagua kuwa mbunge wa Mpanda Mashariki. Akawa naibu waziri, na mwaka 2006 akawa waziri wa kuangalia mambo ya mikoa na serikali za mitaa. Mwezi wa Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kwa ajili ya shauri la mkataba wa umeme. Katika nchi yetu Waziri Mkuu hachaguliwi na wananchi wote: Rais humteua mmoja wa wabunge wa majimbo, kisha Bunge humthibitisha kwa kura. Rais Jakaya Kikwete akamteua Pinda, Bunge likakubali, naye akaapishwa tarehe 9 Februari.

Cheo kikubwa kina majaribu makubwa. Siku zile watu waovu walikuwa wakiwaua ndugu zetu wenye ualbino, wakidanganywa na waganga ya kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mwezi wa Januari 2009 Pinda, kwa uchungu wa mauaji hayo, alisema ya kwamba wauaji hao nao wauawe. Wengi walishtuka. Maana sheria yasema ya kuwa mshtakiwa hupelekwa mahakamani, na hakimu husikiliza mashahidi kabla ya kuhukumu. Watu wakijihukumia wenyewe, asiye na hatia aweza kufa pamoja na mwenye hatia. Wabunge wakamtaka aeleze maneno yake. Akasimama Bungeni, Dodoma, akaanza kueleza habari za wale waliouawa, akashindwa kujizuia, akalia mbele ya wote.

Tazameni basi: uchungu wake ulikuwa wa haki, na machozi yake yaliwafanya wengi waujue msiba wa wenye ualbino. Lakini neno la mkubwa si kama neno la mtu wa kawaida. Likitoka huenda mbali, na wengine huligeuza kuwa amri. Wazee walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Mwaka 2012, yeye akiwa bado Waziri Mkuu, Mkoa wa Katavi ulikatwa kutoka Rukwa, na Mpanda ikawa makao yake makuu. Mwaka 2015 aliomba chama chake, CCM, kimteue agombee urais. Hakuteuliwa, aliyeteuliwa ni John Magufuli. Mwaka huo huo Pinda akauacha uwaziri mkuu, akashughulika na shamba na mizinga ya nyuki.

Ninyi mnaosoma habari hizi, wengi wenu ni watoto wa wakulima. Jembe halimzuii mtu kushika kalamu, wala kalamu haimkatazi kurudi kwenye jembe. Lakini atakaye kuwaongoza wenziwe na ajifunze mapema kuupima ulimi wake.