Mtoto wa Nyumba Mbili

Mgeni akiingia stoo ya maabara akakuta chupa mbili, moja imeandikwa asidi ya asetiki na nyingine asidi ya ethanoiki, kisha akaambiwa ni kitu kilekile, tena ndicho kinachoipa siki ukali wake, hutushangaa: ninyi wanakemia mmeshindwa kukubaliana? Mshangao huo nimeuzoea. Kinachoniuma ni kuusikia kwa wenzetu wanaopanga mada za kemia siku hizi, wanaotaka kila swali likae fungu moja, na mafungu yanayoingiliana yafutwe.

Kukubaliana tulikubaliana zamani. Mwaka 1787 Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy walitoa utaratibu wa kuiita kampaundi kwa kile kilichomo ndani yake. Mwaka 1892 wanakemia wakakutana Geneva kupanga majina ya kampaundi za kaboni, na mwaka 1919 ikaundwa IUPAC, baraza letu la wazee. Lakini wazee hao hawakuyazika majina ya kale. Asidi ya fomiki imebeba jina la Kilatini la sisimizi, kwa sababu kwa sisimizi ndiko ilikotolewa kwanza. Mapendekezo ya IUPAC ya 2013 yaliyapa majina fomiki na asetiki nafasi ya mbele kuliko methanoiki na ethanoiki. Hata hivyo nimemwona mwanafunzi akikatwa alama kwa kuandika "asetiki". Ameadhibiwa kwa kulijua jina la ukoo!

Majina mawili ya kitu kimoja, sawa, yaunganishwe, moja lielekeze kwa lenzake. Mada mbili zinazogusana ni jambo jingine kabisa. Chukua damu yetu, ambayo pH yake hukaa karibu na 7.4 kwa kulindwa na asidi ya kaboniki na bikaboneti. Swali la namna damu inavyolindwa ni la asidi na besi, ni la msawazo wa kikemia, ni la kemia ya viumbe. Ukiliacha fungu moja tu, anayelitafuta kupitia mlango mwingine ataondoka mikono mitupu.

Mipaka yenyewe haijawahi kukaa imara. Mwaka 1828 Friedrich Wöhler alitengeneza urea, kitu cha mkojo, kwa chumvi zilizohesabiwa kuwa si za viumbe. Kisha mwaka 1951 ikatangazwa ferosini, unga wa rangi ya machungwa, chuma kilichobanwa katikati ya pete mbili za kaboni tano tano. Watu wa kaboni wakasema ni wao. Watu wa metali wakasema ni wao. Wote walikuwa na haki, na kutokana na mtoto huyo wa nyumba mbili ukoo mzima ukastawi.



Mimi ninazililia kadi za maktaba. Mtunza kadi wa zamani, akipata kitu cha nyumba mbili, aliandika kadi mbili, akaitia kila moja kwenye droo yake. Kadi hizo niliziona zikitolewa nje kwenye magunia. Nilichomoa moja ya ferosini, ninayo mpaka leo ndani ya daftari. Chini yake mtu aliandika kwa kalamu ya risasi: tazama pia chuma.