Ujumbe Ulioandikwa na Ujumbe Uliosomwa: Jinsi Maana Inavyopotea Njiani



Katika miaka ya karibuni, sehemu kubwa ya mazungumzo ya miradi imehama kutoka ofisi ya usharika na kuingia katika simu. Kamati ya ujenzi ina kundi lake la WhatsApp, kamati ya maji ina lake, na wafadhili walio mbali nao huandika barua pepe wakitegemea majibu wiki hiyo hiyo. Faida zake tunaziona. Mjumbe aliyeko safarini anapata taarifa, na picha ya msingi uliochimbwa asubuhi inamfikia mfadhili kabla ya jioni.

Hata hivyo, tumejifunza jambo moja katika kusuluhisha migogoro inayofika ofisini kwetu. Mingi haianzi na fedha iliyopotea, bali na sentensi iliyosomwa tofauti na ilivyokusudiwa. Katika makala hii tunaeleza ni kwa nini maana hupotea katika majadiliano ya maandishi, na nini kamati na wafadhili wanaweza kufanya.

Mwandishi husikia sauti yake, msomaji haisikii

Mwaka 1990, mtafiti Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alifanya jaribio rahisi. Mtu mmoja aligonga meza kwa kidole akifuata mapigo ya wimbo unaojulikana, na mwenzake akatakiwa kuutambua. Wagongaji walikadiria kwamba wasikilizaji wangetambua nusu ya nyimbo. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa, zilitambuliwa 3 tu. Sababu yake ni kwamba anayegonga huusikia wimbo wote kichwani mwake, na anayesikiliza anasikia meza tu.

Ndivyo ilivyo kwa anayeandika ujumbe. Anapoandika husikia sauti yake mwenyewe: hapa natania, hapa nauliza kwa upole. Msomaji hupata herufi peke yake. Mwaka 2005 watafiti Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha matokeo ya majaribio kuhusu barua pepe. Waandishi waliamini kwamba wasomaji wangetambua kwa urahisi sentensi ipi ni ya kweli na ipi ni ya kejeli. Wasomaji walipatia kwa zaidi kidogo ya nusu, karibu sawa na mtu anayebahatisha kwa kurusha sarafu. Jambo la kuangalia zaidi ni kwamba wasomaji nao walikuwa na uhakika kuwa wameelewa vizuri.

Hapa tusahihishe jambo linalorudiwa sana katika semina, kwamba maneno hubeba asilimia 7 tu ya maana, sauti 38 na uso 55. Namba hizo zilitokana na utafiti wa Albert Mehrabian wa mwaka 1967, uliohusu jinsi watu wanavyotambua hisia za msemaji, na sehemu yake ulitumia neno moja moja. Hazina maana kwamba taarifa ya fedha hueleweka kwa asilimia 7. Zinachotukumbusha ni kwamba neno likipingana na sauti au uso, watu huamini zaidi sauti na uso. Katika maandishi vyote viwili havipo.

Utani ndio huumia kwanza. Mchaga na Mpare wakikutana kikaoni wanaweza kuambiana maneno ambayo mgeni angedhani ni ugomvi, nao wakacheka. Maneno yale yale yakiandikwa mbele ya watu 40, wengine wakiwa hawajui utani huo, hubaki matusi. Tatizo hili liliwasumbua hata watumiaji wa kwanza wa kompyuta. Tarehe 19 Septemba 1982, Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipendekeza alama ya uso unaotabasamu, iliyoundwa kwa nukta mbili, kistari na mabano, ili mzaha utofautishwe na jambo la kweli. Vikaragosi vya leo vina kazi hiyo hiyo, ingawa navyo husomwa kwa namna nyingi.

Mitego ya Kiswahili chenyewe

Kiswahili chetu ni kitamu, lakini kina mambo ambayo mdomo huyaweka wazi na kalamu huyaficha.

Kwanza ni swali. Katika Kiswahili, swali la ndiyo au hapana hutofautiana na taarifa kwa kiimbo tu. Maneno hayabadiliki wala mpangilio wake. “Umenunua saruji” na “Umenunua saruji?” ni sentensi ile ile, na kinachozitenganisha katika maandishi ni alama moja ambayo wengi wetu hatuiweki tunapoandika kwa haraka.

Pili ni kiambishi “wa”. Tukiandika “Tutawalipa Ijumaa”, haijulikani kama tutakaowalipa ni ninyi au ni wao. Ujumbe huo ukisomwa na vibarua pamoja na wajumbe wa kamati, kila upande unaweza kuamini kwamba Ijumaa ni siku yake.

Tatu ni “hatuja” na “hatuku”. “Hatujapokea fedha za awamu ya pili” ina maana kwamba bado tunazisubiri. “Hatukupokea” ina maana kwamba hazikufika na jambo hilo limepita. Mkalimani asiyekuwa makini akizifanya kuwa kitu kimoja, mfadhili ataanza kuiuliza benki zilikopotelea.

Nne ni saa. Kikao cha saa 8 mchana ni saa 14:00 kwa hesabu ya kimataifa. Kwa rafiki aliyeko Ujerumani ni saa 12:00 wakati wa majira yao ya baridi, na saa 13:00 wakati wa kiangazi, kwa kuwa wao husogeza saa zao nasi hatusogezi. Akiona namba 8 peke yake, atatusubiri asubuhi na kudhani tumempuuza.

Tano ni undugu. Kwetu baba mkubwa na baba mdogo ni baba, na watoto wao ni kaka na dada. Mtumishi wa mradi anaweza kuomba ruhusa ya kumzika baba yake mara mbili katika miaka miwili bila uongo wowote. Msomaji wa Ulaya, asiyepata maelezo, anaweza kuanza kuwa na mashaka hata na taarifa ya fedha ya mtumishi huyo.

Mazungumzo yanapopoteza mpangilio

Kikaoni mwenyekiti humaliza ajenda moja ndipo aende nyingine. Katika simu ajenda hupishana. Saa 4 asubuhi kunatangazwa msiba, saa 5 kunapendekezwa mchango uongezwe, saa 6 mtu anaomba sala kwa mgonjwa. Mjumbe ambaye hakuwa na bando anaingia jioni na kuandika, “Hilo mimi siliungi mkono hata kidogo.” Lipi? Kila mtu atalipachika jibu hilo pale anapodhani.

Ukimya nao husomwa. Tangu mwaka 2014, WhatsApp imekuwa ikionyesha alama mbili za bluu ujumbe unapofunguliwa. Mtumaji akiziona na asipate jibu, huanza kutafuta sababu: amenidharau, amekasirika, ana la kuficha. Pengine mwenzake alifungua simu akiwa katika daladala na akasahau.

Kisha kuna kusambaza. Ujumbe ulioandikwa ndani ya mazungumzo marefu hukatwa, ukapelekwa kundi jingine bila ulichotangulia wala ulichofuata. Huko unasomwa na watu wasiojua ulikuwa unajibu nini.

Usharika uliokosa mvua moja

Tunatoa mfano wa usharika mmoja, ambao hatutautaja, uliokuwa unajenga tangi la kuvuna maji ya mvua kwa ajili ya shule ya awali. Mwenyekiti wa kamati alisikia mtaani kwamba mafundi wamepewa fedha. Akaandika katika kundi, akimlenga mtunza hazina: “Umewalipa mafundi bila hati ya malipo”. Hakuweka alama ya kuuliza.

Mtunza hazina, mama aliyetunza vitabu vya usharika kwa miaka mingi, alisoma shtaka mbele ya watu wote. Kabla hajajibu, wengine wakaandika, “Tunataka maelezo” na “Fedha za kanisa si mali ya mtu.” Mama huyo akapeleka vitabu na funguo kwa mchungaji siku hiyo hiyo. Michango ikasimama, kwa kuwa watu hawakujua wampe nani. Mifereji ya bati ilikuwa haijafungwa, na masika yakapita tangi likiwa tupu. Watoto wakaendelea kubeba madumu kwenda shule.

Wazee wa kanisa walipowaita wote wawili, walimwomba mwenyekiti asome ujumbe wake kwa sauti. Alipousoma, kila aliyekuwepo alisikia swali. Hati ya malipo ilikuwepo, imesainiwa na watu wawili kama taratibu zinavyotaka. Mama alikubali kurudia kazi yake, lakini mvua ilikwisha kupita.

Si jambo jipya

Tusidhani kwamba simu ndiyo iliyoleta shida hii. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 5, analazimika kueleza upya barua aliyokwisha kuwaandikia. Wasomaji wake wangeweza kudhani amewakataza kuchangamana na wakosaji wote wa dunia, naye anasema alikuwa na maana ya wale walio ndani ya kanisa. Katika Wagalatia 4:20 anatamani awe nao ana kwa ana na abadilishe sauti yake. Na mwandishi wa 2 Yohana anamaliza akisema kwamba ana mengi, lakini hapendi kuyaandika yote kwa karatasi na wino, bali anatumaini kufika na kuzungumza mdomo kwa mdomo. Walijua kuna mambo ambayo barua haiyabebi.

Kati ya kamati na mfadhili

Kwetu barua huanza kwa salamu na kuulizia hali. Mfadhili akiandika mstari mmoja tu, “Naomba maelezo ya tofauti ya Sh. 150,000”, kamati husikia mtu aliyekasirika na anayewahesabu kuwa wezi. Mara nyingi yeye anajaza fomu ya mkaguzi wake na anahitaji risiti moja tu.

Kwa upande mwingine, kamati ikiandika “Tutajitahidi kukamilisha Juni”, mfadhili husoma ahadi. Wanakamati wenyewe wanajua kwamba “tutajitahidi” mara nyingi ni namna ya heshima ya kusema kuna ugumu. Hapa adabu yetu humnyima mwenzetu habari anayoihitaji mapema. Ni vema kuandika: “Bati zimepanda bei, fedha zilizopo hazitoshi, hatutamaliza Juni.”

Wafadhili wanaotumia programu za kutafsiri wakumbuke pia kwamba Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika “yeye” au “amesema”. Programu hulazimika kuchagua, na mwanafunzi wa kike anaweza kugeuzwa kuwa wa kiume katikati ya taarifa.

Nini kifanyike

Tunapendekeza mambo yafuatayo:

1. Swali lianze na “Je”. Neno hilo fupi hubaki hata alama ya kuuliza ikisahaulika.

2. Jambo la fedha linalomhusu mtu mmoja lisiulizwe mbele ya kundi. Apigiwe simu kwanza. Dakika tano za maongezi ni nafuu kuliko miezi miwili ya michango iliyosimama.

3. Anayejibu ataje anachojibu. Badala ya “Sikubali”, aandike “Sikubali mchango kuongezwa.”

4. Tutaje watu badala ya kutegemea “wa”: “Tutawalipa vibarua Ijumaa tarehe fulani.” Kiasi cha fedha kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno.

5. Kwa wageni, saa iandikwe kwa hesabu ya kimataifa pamoja na kutaja ni saa za nchi gani.

6. Kabla ya kukasirika, tuulize: “Ulikuwa na maana gani?” Anayeuliza hivyo hajashindwa, na mara nyingi ugomvi huishia hapo.

7. Ujumbe wa sauti, uliopo katika WhatsApp tangu mwaka 2013, hurudisha sauti na unafaa kwa pole au kwa kueleza jambo zito. Hata hivyo haufai kwa takwimu, kwa kuwa ni vigumu kuutafuta baadaye, na wenye shida ya kusikia huachwa nje.

8. Uamuzi ufanywe kikaoni na uingizwe katika muhtasari. Kundi la simu ni mahali pa kupeana taarifa. “Sawa” sita chini ya ujumbe si akidi.

Tunaziomba kamati zote ziweke jambo hili katika ajenda ya kikao kijacho, zichague kati ya mapendekezo haya yale yanayowafaa, na kuyaandika katika muhtasari kama utaratibu wa kamati. Sharika zinazojenga matangi ya maji zifanye hivyo mapema, kwa kuwa mifereji inapaswa kuwa imefungwa kabla ya mvua kuanza.