Ruta ni yako, lakini nani ana nywila?

Ni saa tano usiku katika bedsita yako mtaani Nyamage, karibu na Chuo Kikuu cha Kisii. Kazi ya mhadhiri lazima iwe imetumwa kufikia saa sita. Ruta ni yako, bili umelipa wewe, lakini ukurasa unazunguka tu. Chumba cha pili wanatazama mpira. Cha tatu kuna mtu anapakua filamu za msimu mzima. Nywila uliyompa rafiki mmoja Jumatatu sasa inajulikana na ploti nzima.

Karibu kwenye maisha ya komredi mwenye ruta.

Kuinunua si ujinga. Ukinunua bando la Sh50 kila siku, mwezi unaisha ukiwa umetumia Sh1,500. Chukulia kifurushi cha Sh3,000 kwa mwezi: mkiwa sita, kila mmoja anatoa Sh500 na laptopu inafanya kazi bila kunyang'anyana hotspoti. Shida huanza tarehe ya kulipa ikifika na wawili wanakuambia pesa za HELB hazijaingia. Akaunti iko kwa jina lako, kwa hivyo deni ni lako. Kusanya pesa kabla ya kulipia, si baada.

Fikiria likizo pia. Faiba hubaki ukutani muhula ukiisha. Ruta ya laini ya simu unaweza kuibeba hadi nyumbani Keroka au Ekerenyo, mradi kampuni inaruhusu ihamishwe. Uliza kabla ya kutoa pesa. Na kwa kuwa Kisii na Nyamira ni milima mitupu, pima mtandao kwa simu yako ndani ya chumba kwanza. Nyumba iliyo bondeni inaweza kukosa kile ambacho ya mlimani inapata bure.

Ukishaipata, usiifiche chini ya kitanda. Iweke juu, mahali pa wazi, mbali na mabati na friji. Masafa ya 2.4GHz hupenya kuta vizuri lakini katika ploti yenye ruta kumi huwa yanasongamana. Ya 5GHz ni ya kasi, ila hayafiki mbali. Mkiwa chumba kimoja na ruta, tumia 5GHz.

Halafu kuna mvua ya alasiri na radi zake, ambazo mwenyeji yeyote wa Gusii anazijua. Ngurumo zikianza, chomoa waya wa umeme, na wa faiba au antena kama una sehemu ya chuma inayotoka nje. Stima zikipotea tu bila radi, betri ndogo ya volti 12 inaweza kuiweka ruta hai hadi umalize kazi yako.

Sasa tuje kwa jambo ambalo wengi hulipuuza. Mtu akitumia intaneti yako kutapeli au kumtisha mwenzake, wa kwanza kuulizwa maswali huenda ni wewe, maana laini imesajiliwa kwa jina lako. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inagusa ulaghai na unyanyasaji wa mtandaoni. "Sikujua ni nani" ni jibu la kuchosha ukiwa mbele ya afisa wa polisi.

Na ukishawazia kuuzia ploti nzima intaneti kwa saa, tulia kidogo. Kuchangia bili na marafiki ni jambo moja. Kufanya biashara ya intaneti kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, CA.

Wewe unayeishi hosteli za ndani ya chuo, nenda ofisi ya ICT kabla ya kuchomeka chochote ukutani. Waya wa chuo ukiingia kwenye tundu la LAN badala ya WAN, ruta yako huanza kugawa anwani kwa watu wasiokuhusu. Simu za jirani zinaonyesha zimeunganishwa lakini hakuna kinachofunguka. Mwenzako aliye katikati ya mtihani wa mtandaoni anakatika, na hajui ni wewe. Uliza pia kama chuo chako kina eduroam, ambayo hapa Kenya huendeshwa na KENET. Kwa akaunti ya chuo chako unaweza kuunganishwa hata ukitembelea chuo kingine chenye huduma hiyo.

Kwa hivyo leo, kabla hujalala, fanya mambo matatu. Badilisha nywila ya Wi-Fi. Badilisha pia ile ya kuingilia mipangilio ya ruta, kwa sababu nyingi huja na "admin" ambayo kila mtu anaijua. Kisha fungua mtandao wa wageni, uuwekee kikomo cha kasi kama ruta inaruhusu, na huo ndio uwape marafiki.

Watakuita mchoyo siku mbili. Siku ya tatu watalipa Sh500 zao, na kazi yako itafika kwa mhadhiri kabla ya saa sita.