Likizo ya Agosti Juu ya Uwanda wa Makonde

Julai na Agosti, Newala hupigwa na upepo wa baridi ambao mgeni aliyetoka Mtwara au Lindi hautarajii kabisa. Mji umekaa ukingoni mwa uwanda. Ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limelala chini, na Msumbiji ng'ambo. Mavuno yamekwisha kuingia ghalani, mikorosho inatoa maua, barabara za mchanga zinapitika. Katika miaka ya 1950, haya ndiyo majira ambayo watoto wa Kizungu waliokuwa wakisoma mbali walirejea kwa wazazi wao Newala, Masasi na Nachingwea.

Wazazi hao walikuwa watu wa namna mbalimbali: Bwana DC na maofisa wake, madaktari, mabwana shamba. Lakini wengi wao waliletwa kusini na karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu za Afrika Mashariki, na Nachingwea ikachaguliwa kuwa mojawapo ya vituo vyake pamoja na Kongwa na Urambo. Mafundi, madereva wa matrekta na makarani walikuja na wake zao. Reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea, na bandari ya Mtwara ikafunguliwa 1954. Mpango wenyewe ulikuwa umeshaanguka: ulifutwa Januari 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Baadhi ya familia ziliondoka, nyingine zikabaki.

Wazungu waliotangulia, wale wa misheni ya Kianglikana ya UMCA iliyofika Masasi 1876, hawakuwa na mtoto wa kumsubiri likizo. Misheni hiyo iliwataka watumishi wake wa Kizungu waishi bila kuoa wala kuolewa. Kwa hiyo familia ya Kizungu, baba, mama na watoto mezani pamoja, ilikuwa jambo geni katika sehemu kubwa ya wilaya hizi mpaka zilipofika miaka ya karanga.

Hata hapo, meza hiyo haikujaa mwaka mzima. Elimu ya Tanganyika ya kikoloni iligawanywa kwa rangi: shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Shule ya Wazungu haikuwepo kila wilaya. Mtoto mdogo aliweza kufundishwa na mama yake kwa masomo yaliyoletwa kwa posta. Akikua kidogo alipelekwa bweni, Arusha au Kongwa, ambako shule ilifunguliwa 1948 katika majengo ya mpango wa karanga. Wakubwa zaidi walipelekwa Uingereza. Mzazi wa Newala aliyempeleka mwanawe huko aliweza kukaa mwaka mzima akimjua kwa barua tu.

Ndiyo maana usafiri wa ndege ulibadilisha maisha ya nyumba hizi kuliko kitu kingine chochote. Meli kutoka London ilichukua kama wiki tatu kufika pwani yetu. Mtoto angeimaliza likizo yote baharini, kuja na kurudi. Mei 1952 ndege ya kwanza ya jeti ya abiria ilianza safari za London hadi Johannesburg ikipitia Entebbe, na tangu miaka hiyo watoto wakaanza kuonekana wakisafiri peke yao kwa ndege, wakikabidhiwa kwa wahudumu. Kutoka Dar es Salaam kwenda kusini bado ilikuwa kazi. Wakati wa masika Rufiji iliikata barabara, na haikupata daraja la kudumu hadi 2003.

Mtoto akifika, alikuta nyumba inayoendeshwa na watu wengi kuliko familia yenyewe. Mpishi jikoni na kuni zake, boi wa mezani, dobi na pasi ya mkaa, yaya wa wadogo. Jokofu liliwaka kwa mafuta ya taa, usiku karabai ikavuma barazani, na kila siku kulikuwa na kidonge cha kuzuia malaria. Maji ya kunywa yalichemshwa na kuchujwa. Hapo kwenye maji ndipo ugumu wa uwanda ulipokuwa. Juu hakuna mto wala chemchemi, na kwa vizazi vingi wanawake wa Kimakonde waliteremka mabondeni usiku wakapanda na mitungi kichwani. Ni katika miaka hiyo hiyo ya 1950 ndipo pampu zilipoanza kuyapandisha maji kutoka mabondeni, Kitangari ikiwa miongoni mwa vyanzo vyake. Likizo tulivu ya mtoto mgeni ilibebwa kwa mgongo na kichwa cha mtu mwingine, na hilo lazima lisemwe wazi.

Na watoto wa Kimakonde wa mtaa wa pili? Kiangazi kilikuwa msimu wao wa shule. Chakula kipo, mvua imekatika, basi wavulana waliingia likumbi, yaani jandoni, wakatahiriwa na kufundishwa utu uzima mbali na mama zao, na siku ya kutoka mapiko, wachezaji wenye vinyago, yakacheza. Wasichana walikuwa na unyago wao. Mtoto mmoja alirudi nyumbani katika mwezi ule ule ambao jirani yake alitoka kwao. Ngoma zilisikika mpaka kwenye baraza za boma.

Kutenganishwa na wazazi hakukuwa kwa Wazungu peke yao. Benjamin Mkapa, rais wa baadaye wa Tanzania, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, alisoma Ndanda na baadaye Pugu, karibu na Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na ndege ya kumrudisha.

Mambo yalibadilika haraka. Shule ya Kongwa ilifungwa 1958 na wanafunzi wake wakahamia Iringa, katika shule ambayo leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Mkwawa. Mwaka 1962, baada ya Uhuru, mgawanyo wa shule kwa rangi ulifutwa. Reli ya kusini iling'olewa. Nachingwea ikapokea wageni wengine, wapiganaji wa Frelimo kutoka Msumbiji.

Waliosoma Kongwa wamekwisha kuandika kumbukumbu zao. Wapishi, mayaya na wachota maji wa nyumba zile hawajaandikiwa, na waliobaki ni wazee wa miaka themanini na zaidi. Kitangari ina chuo cha ualimu, na wanachuo wake wanaweza kuifanya kazi hii. Wewe msomaji, kama una babu au bibi Newala, Masasi au Nachingwea aliyefanya kazi kwa Wazungu wa karanga au wa boma, nenda likizo ijayo na daftari, umuulize majina, mishahara, na nani aliyewalea watoto wake mwenyewe alipokuwa kazini.